Kijana Amebadilika: Fimbo, Kijijini, Bweni au Mirembe?

Wazazi wengi wanaofika kwangu hapa Nkuhungu hufika jioni, wakiwa wamekwisha kuamua. Baba ameshapiga simu Mvumi kwa babu yake mtoto, au mama ameshaulizia ada ya shule ya bweni, na wanachokitafuta kwangu ni mtu wa kuwaambia kwamba wamefanya vyema. "Mwalimu, huyu mtoto amenishinda, nimpeleke wapi?" Nimefundisha sekondari kwa miaka 22, na katika miaka 14 kati ya hiyo nilikuwa mwalimu wa malezi, kwa hiyo swali hilo nimelizoea, na siku zote hulijibu kwa kuuliza: ana nini? Njia za kumsaidia kijana hapa Dodoma si chache, na karibu kila moja ina mahali pake, lakini ile iliyomnyoosha mtoto wa jirani yaweza kumharibu wa kwako, kwa sababu kilichowasumbua hakikuwa kitu kimoja. Hapa nitaziweka njia hizo mbili mbili, nikieleza ipi inafaa kwa tatizo gani, inamgharimu mzazi nini, na kama ikishindikana anaweza kurudi nyuma. Upande wangu nautaja mapema: njia inayomwondoa mtoto machoni pa mzazi kabla mzazi hajajua kilichompata, mimi huiweka mwisho.

Kabla ya kuchagua

Zipo tabia zinazomuudhi mzazi lakini ni za umri. Kijana wa miaka 13 hadi 17 hubisha jambo ambalo mwaka jana alilikubali, hujifungia chumbani, hujibu "sawa" na kunyamaza, huona aibu kutumwa dukani mbele ya wenzake, na maneno ya rafiki yake huyapa uzito kuliko ya baba yake. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, wakati hamu ya mambo mapya na ya hatari imekwisha kuamka zamani. Hata usingizi hubadilika: mwili wa kijana huchelewa kusinzia usiku, ilhali bado unahitaji kulala saa 8 hadi 10, na mtoto anayeamka saa 11 alfajiri ili awahi shule hawezi kuzipata akilala saa 6 usiku. Nimeona kijana akiitwa mvivu na jeuri kwa muhula mzima, na alichokuwa nacho ni upungufu wa usingizi.

Aina ya pili ni tabia inayosema kwamba kuna jambo limempata. Hii mara nyingi ina tarehe. Mtoto aliyekuwa akipenda shule anaanza utoro baada ya Pasaka. Binti aliyekuwa akicheka na kila mtu hataki tena kubaki nyumbani na ndugu fulani. Fedha za kununulia unga zinapungua mezani. Mvulana anarudi na macho mekundu na harufu ambayo dawa ya meno haikuifunika. Bangi, kubeti, au kuweka mkeka kama wenyewe wanavyosema, kuonewa na wenzake, mimba, ukatili wa kingono, ugomvi wa baba na mama unaosikika ukutani kila usiku: yote haya huweza kutokea nje yakiwa na sura moja, yaani ukaidi.

Ya tatu ni dalili za maradhi. Huzuni au hasira isiyoisha kwa wiki mbili na zaidi, kuacha kula, kuacha hata mpira alioupenda, alama za kujikata mikononi, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, kugawa vitu vyake, kusema ni heri nisingezaliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, kwa hiyo katika darasa la wanafunzi 50 wa shule ya kata mwalimu anaweza kuwa anawatazama saba bila kuwajua.

Ili kuzitenganisha aina hizi tatu, mimi humwomba mzazi achukue daftari na kwa siku saba aandike mambo matatu: tabia ilianza lini, inatokea wapi, na inamzuia mtoto kufanya nini. Swali la "wapi" ndilo linalonisaidia zaidi. Kijana ambaye ni mkorofi nyumbani tu, lakini shuleni, kwenye kwaya au madrasa wanamsifu, tatizo lake kwa kawaida liko kati yake na wazazi, na kumhamisha hakutalitatua. Aliyebadilika kila mahali ana jambo zito zaidi. Siku hizo saba za daftari hazimhusu, lakini, mtoto mwenye dalili za kutaka kujiua au aliyefanyiwa ukatili. Huyo hasubiriwi hata siku moja.

Fimbo na masharti

Naanza na fimbo kwa sababu ndiyo inayoshikwa kwanza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza adhabu ya kikatili na ya kumdhalilisha mtoto, na inasema hakuna kumrekebisha mtoto kunakokubalika ikiwa kumezidi kiasi kwa kuzingatia umri wake na hali yake ya mwili na akili. Shuleni nako viboko vimewekewa mipaka: mwalimu mkuu au aliyemwidhinisha ndiye mwenye mamlaka hayo, na visizidi vinne. Nayataja haya kwa sababu wazazi wengi hudhani hakuna mpaka wowote. Ila hata tukiiweka sheria kando, swali la ulinganisho linabaki: fimbo inafanya nini?

Inafanya kazi haraka, na hapo ndipo inapodanganya. Kelele hunyamaza usiku huohuo. Lakini mtoto wa miaka 15 hujifunza kwayo kuficha, na mzazi aliyefichwa hana tena la kumwongoza nalo. Nasema hivi nikiwa na mfano wa nyumbani kwangu. Mwanangu wa pili alipokuwa kidato cha pili alianza kurudi saa 2 usiku, na barua ya utoro ikaja. Baba yake alimchapa siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi kitanda kilikuwa kitupu, na kwa siku mbili alilala kwa rafiki yake Chang'ombe huku sisi tukizunguka kwa bajaji tukimuulizia. Aliporudi hatukumgusa, ila hakusema lolote. Ilikuwa wiki ya tatu, jioni ambayo umeme ulikatika, tumekaa mkekani mimi na yeye tukibangua karanga kwenye ungo, taa ya simu ikiwa imeegemezwa kwenye kikombe. Hakunitazama. Alikuwa akipanga maganda kwa safu pembeni ya mkeka, safu ya kwanza, ya pili, ndipo akasema kwamba kuna vijana wakubwa njiani ambao kila asubuhi walimnyang'anya nauli na kumpiga asipokuwa nayo, na kwa hiyo alikuwa akishinda kijiweni mpaka jioni. Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Mama, nikikwambia utakwenda shule kugomba, na ukiondoka watanipiga zaidi." Niliendelea kubangua, kwa sababu niliona kwamba nikiinua uso atanyamaza.

Masharti ni njia ya polepole na inamchosha mzazi. Ili yafae lazima yawe machache, yajulikane kabla ya kosa, na adhabu yake iwe fupi kiasi kwamba mzazi anaweza kuitimiza. Kwa mfano: kurudi nyumbani kabla ya saa 1 usiku, simu ya kila mtu, ya baba ikiwemo, inalala sebuleni kuanzia saa 3 usiku, anayevunja anakaa siku mbili bila simu. Mzazi anayetangaza kwa hasira kwamba simu imechukuliwa mwaka mzima hurudisha baada ya wiki, na mtoto anajifunza kwamba neno la nyumba hiyo halina uzito. Masharti hufa pia pale baba anapokataza na mama anamnunulia mtoto bando kwa siri, au kinyume chake. Kwa tabia za umri, kati ya njia hizi mbili sina shaka hata kidogo: masharti. Kwa aina ya pili na ya tatu, masharti peke yake hayatoshi, na fimbo inazidisha madhara.

Kijijini kwa babu, au shule ya bweni

Hizi ndizo njia mbili zinazotajwa zaidi mjini kwetu, na zinafanana kwa jambo moja kubwa, kwamba zote zinamwondoa mtoto. Zinatofautiana karibu kwa kila kitu kingine.

Kijijini kuna kitu ambacho mjini tumekipoteza. Kwa Wagogo, kama ilivyo kwa makabila mengi ya nchi yetu, babu na mjukuu ni watani, na bibi anaweza kumuuliza mjukuu wake habari za mwili, za mchumba na za aibu, mambo ambayo mama mzazi akiyauliza nyumba nzima inapata baridi. Shangazi naye ana nafasi hiyo kwa binti. Tena kijijini kuna kazi ambayo matokeo yake yanaonekana: kupalilia mtama na uwele mvua zinapoanza Desemba, kuchunga, kuchota maji, kupura. Kijana aliyekuwa akiambiwa kila siku kwamba hafai hukuta huko kwamba asipoamka mapema ng'ombe hawatoki zizini. Gharama yake ni nauli na unga. Kwa hiyo kwa kijana mkaidi wa kawaida, au aliyezongwa na vijiwe na simu, likizo ya Juni au ya Desemba kwa babu ni jambo jema kabisa, na nalipendekeza mara nyingi.

Nasema likizo, si kuhamia. Kumhamisha moja kwa moja kunataka kibali cha uhamisho wa shule, na katika kukisubiri mtoto hupoteza wiki nyingi za masomo, pengine asirudi tena darasani. Wazee nao wamechoka. Si haki kumpelekea bibi wa miaka 75 kijana anayevuta bangi, ambaye wazazi wawili wenye nguvu wameshindwa naye mjini, na pombe ya kienyeji kule haiko mbali. Kwa upande wa mabinti kuna jambo ambalo lazima liandikwe wazi. Mkoa wetu na jirani zetu wa Singida na Manyara ni kati ya mikoa ambako ukeketaji umedumu, na baadhi ya wazee bado wanaamini kwamba maambukizi ya sehemu za siri yanayoitwa lawalawa hutibiwa kwa kumkeketa msichana, ilhali ni maambukizi yanayotibika kwa dawa zahanati. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu mwaka 1998. Kuna pia wanaoona dawa ya binti "aliyechanganyikiwa" ni kumwoza. Kumwoza mwanafunzi nako, tangu sheria ya elimu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, kunaweza kumpeleka mtu jela miaka 30. Wazazi wengi wa mjini huwaamini wazazi wao bila kuuliza. Ulizeni, kwa heshima na kwa maneno yasiyozungukazunguka, kabla binti hajapanda basi.

Shule ya bweni ina ratiba, ina walimu, na inamwondolea mtoto barabara. Kwa hiyo inafaa pale ambapo barabara ndiyo tatizo: binti anayetembea kilomita nyingi alfajiri na jioni, akiwategemea waendesha bodaboda wanaompa lifti kwa malipo ambayo baadaye hulipwa kwa mwili, bweni au hosteli inaweza kumwokoa. Inafaa pia pale ambapo mtoto mwenyewe ameitaka, na pale ambapo nyumbani pana ugomvi usiokwisha. Ada ya sekondari katika shule za serikali imeondolewa, kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016 na cha tano na sita tangu 2022, lakini bweni la shule binafsi ni mzigo mkubwa, na mzazi anayeuza shamba ili kulilipia anapaswa kwanza kuwa na hakika kwamba amelijua tatizo.

Kwa maana bweni haliponyi huzuni. Kijana anayeonewa, akipelekwa bweni, anakaa na wanaomwonea usiku na mchana. Anayejikata mikono atajikata chooni taa zikishazimwa. Mwizi na mvutaji hukutana na wenzake waliopelekwa kwa sababu hiyohiyo, maana wazazi wote walifikiri namna moja. Na matroni mmoja akiwa na wasichana mia, hata awe na moyo wa dhahabu, hawezi kumjua aliyelia jana.

Nilikuwa na mwanafunzi katika shule moja ambayo sitaitaja, aliyeletwa bweni kwa sababu, kwa maneno ya baba yake, amekuwa na kiburi na hasalimii watu. Darasani alikuwa mtulivu, alama zake nzuri, baba akafurahi kwamba bweni limemnyoosha. Lakini kila likizo ilipokaribia tumbo lilimuuma. Mwezi Mei alipelekwa zahanati, hawakuona kitu. Novemba akapelekwa tena, hawakuona kitu. Alikuwa amekunja nguo zake zote na kuzirudisha kwenye sanduku, kisha akazitoa, kisha akazirudisha. Ndivyo nilivyomkuta, siku ya kufunga shule, magari ya wazazi yakiwa yamejaa getini. Mtu ambaye binti huyo alikuwa "hamsalimii" aliishi nyumbani kwao, na sababu ya kutokumsalimia ilikuwa nzito mno. Bweni lilimkinga kwa miezi tisa ya mwaka na kumrudisha kwa huyo mtu kwa miezi mitatu, na kwa muda wote huo hakuna mtu mzima aliyeuliza kiburi kilianza lini. Tangu siku hiyo, mzazi akiniambia anataka bweni, naomba kwanza nikae na mtoto peke yake kwa saa moja.

Kwa wanaoamua hivyo hata hivyo: tembeleeni shule siku ambayo hamkutangaza, ulizeni matroni au patroni mmoja ana watoto wangapi, ulizeni wageni wa kidato cha kwanza hupokewaje na wakubwa wao, na mtoto akitaka kupiga simu nyumbani anaipiga wapi. Na neno "nitakupeleka bweni" lisitumike kamwe kama tishio, kwa sababu siku likitimizwa mtoto atakwenda akijua kwamba amefukuzwa.

Mwalimu wa malezi, au kiongozi wa dini

Hapa sitakaa sana, kwa kuwa njia hizi mbili hazigombani na mzazi anaweza kuzitumia zote pamoja. Mwalimu wa malezi anamwona mtoto akiwa na wenzake, jambo ambalo mzazi halioni, na anaweza kulinganisha tabia yake na ya watoto mia wengine wa umri huo. Udhaifu ni kwamba katika shule nyingi mwalimu huyohuyo ndiye wa nidhamu, na mtoto hatamfungulia moyo mtu aliyemwona na fimbo asubuhi. Uliza hilo kwanza. Kama ni hivyo, omba mwalimu mwingine ambaye mtoto mwenyewe anamtaja. Binti aliyepata mimba pia ana pa kurudi, kwa kuwa tangu Novemba 2021 wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kuendelea na masomo katika shule rasmi, na mzazi akiambiwa vinginevyo aende ofisi ya elimu.

Mchungaji, padri au sheikh ana faida ya muda: amemjua mtoto tangu ubatizo au tangu juzuu ya kwanza, hatozi fedha, na ataendelea kuwepo baada ya mwalimu kuhamishwa. Nimeona wengi wakifanya kazi nzuri sana ya kupatanisha baba na kijana wake. Tahadhari zangu ni mbili. Kijana asisimamishwe mbele ya waumini kuungama, kwa sababu aibu ya hadharani katika umri huo haisahauliki. Na pale penye dalili za aina ya tatu, maombi na dua viende sambamba na hospitali, wala mtu yeyote asimwamuru mtoto kuacha dawa alizoandikiwa na daktari.

Ustawi wa jamii, au polisi

Kila halmashauri ina maafisa ustawi wa jamii, na huduma yao haina malipo. Wanasikiliza ugomvi wa mzazi na mtoto, wanawafuatilia waliotoroka nyumbani, wanaandika taarifa zinazohitajika mahakamani ikibidi. Wazazi huwaogopa wakidhani watanyang'anywa watoto, na kwa hofu hiyo huwaendea wakiwa wamechelewa. Kwa ukaidi uliopitiliza, wizi wa mara ya kwanza au utoro sugu, ningewaendea hawa kabla ya polisi.

Kuna desturi moja ambayo naomba tuiache. Baba anamjua askari, anamwomba amfungie kijana usiku mmoja "amtishe kidogo tu". Kijana anakutana mahabusu na watu wazima, anatoka akiwa amevunjika au amepata walimu wapya, na siku akihitaji kweli kuwaendea polisi kwa msaada hataenda. Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi liliwekwa ili kumlinda mtoto. Hapo ndipo pa kwenda, na upesi, ikiwa daftari limeonyesha kwamba mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono. Msimwogeshe, msifue nguo zake, na msikae kikao cha ukoo kupanga faini ya mbuzi. Dawa ya kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI hufaa tu ikianzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nafasi yake. Baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja ili mtoto asisimulie mara nne.

Mirembe, au mganga wa kienyeji

Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili iko hapa hapa mjini kwetu, na watu hutoka Kigoma na Mtwara kuifuata, lakini sisi tunaoishi saa moja kutoka getini kwake tunaiogopa kuliko wao. Sababu ni jina. Nchi nzima "Mirembe" limekuwa tusi: mtoto akichekacheka darasani anaambiwa katoroka Mirembe. Nimemwona mama akishuka kwenye daladala kituo kimoja kabla, akajifunika kanga usoni na kutembea kwa miguu, ili majirani wasijue anakompeleka binti yake mwenye miaka 16. Binti alikuwa hajala vizuri kwa mwezi mzima. Ndani walimkuta mtu aliyewakaribisha viti, akawauliza maswali kwa muda mrefu, akazungumza na binti peke yake, akapanga siku ya kurudi. Jioni walikuwa nyumbani. Wengi wanaokwenda hutibiwa hivyo, wakitoka nyumbani. Kulazwa ni kwa walio na hali mbaya.

Anayeona vigumu kuanzia huko aanzie kituo cha afya cha karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambako atapimwa pia maradhi mengine yanayofanana na tabia mbaya, kama upungufu wa damu, kifafa au masikio yasiyosikia vyema, kisha apewe rufaa ikihitajika. Kwa kijana aliyezama kwenye dawa za kulevya, Mirembe inawahudumia waraibu pia, na kwake uraibu ni ugonjwa wenye tiba, ingawa tiba hiyo ni ndefu na kuteleza njiani ni jambo la kawaida. Nendeni na lile daftari. Daktari anayesoma "hajalala tangu tarehe 3, amesikia sauti mara mbili" anafanya kazi haraka kuliko anayeambiwa "mtoto amebadilika tu".

Mganga wa kienyeji ana subira ya kusikiliza ukoo mzima, anazungumza lugha ya nyumbani, na haweki jina la mtoto kwenye faili. Naelewa kwa nini watu humwendea kwanza. Lakini nikilinganisha kwa niliyoyaona, gharama yake kubwa ni muda: miezi sita ya dawa za kuchanja na kufukiza, mbuzi wawili, shangazi mmoja ametuhumiwa uchawi na ukoo umegawanyika, ndipo mtoto anafikishwa hospitalini akiwa na hali ambayo ingetulizwa mapema. Maradhi ya akili yanayoanza ujanani hutibika vyema zaidi yakiwahiwa.

Kijana akisema anataka kufa, muulizeni waziwazi kama amefikiria kujiua na kwa njia gani. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani, na wengi hushusha pumzi kwa kupata mtu wa kumwambia. Ondoeni nyumbani sumu ya panya, dawa za kunyunyizia mazao na vidonge vya bibi, asiachwe peke yake, na aende hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku.

Na kwa mzazi aliyesoma mpaka hapa na bado hajui ashike lipi, ipo namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo haina malipo kwa anayepiga. Mzazi anaweza kuipiga akaeleza yaliyomo kwenye daftari na kuelekezwa pa kwenda, na mtoto naye anaweza kuipiga bila kumwambia mzazi. Mimi nimeiandika kwa wino mzito ndani ya mlango wa kabati la vyombo, mahali ambapo kila mtoto anayefika kwangu hufungua mwenyewe kuchukua kikombe cha maji.